Betri ya Kushoto

Harufu ilitufikia injini ikiwa bado inaunguruma. Tulikuwa tumeegesha Ruaha Mbuyuni, jua linazama, malori yanapita moja moja kuelekea mlima wa Kitonga, na ndani ya gari kukaanza kunuka yai viza. Mimi nikasingizia vitunguu, maana pale magunia ya vitunguu yamejipanga barabarani kuliko watu. Mama watoto akasema, "Kitunguu gani hicho? Hebu toka ukaangalie."

Nikafungua kijimlango cha betri ubavuni mwa Coaster. Betri mbili zimekaa bega kwa bega kwenye sanduku moja. Ya kushoto ilikuwa ya moto, mkono hautulii juu yake, na ukitega sikio unaisikia inatokota kama maharage yaliyoachiwa makaa. Unga mweupe wenye ukijani umeota kwenye kichwa chake. Ya kulia, iliyonunuliwa siku ileile kwa muuzaji yuleyule, ilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Namshukuru Mungu nilitoka na tochi badala ya kiberiti, kwa sababu betri inayotokota hivyo inatoa haidrojeni, na haidrojeni haibembelezwi ili ilipuke.

Hiyo ilikuwa jozi ya tatu ndani ya miaka miwili. Kila mara ya kushoto ndiyo inayoanza kuumwa, na kila mara fundi anayeitwa ana jibu lake tayari. Wa kwanza alisema betri za siku hizi feki. Wa pili alisema alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, akaifungua, akabadilisha brashi na regyuleta, akapokea hela yake. Wa tatu akarudi kwenye betri feki. Hakuna hata mmoja aliyetoa mfukoni kitu cha kupimia.

Kwa asiyelijua gari langu: ni Toyota Coaster ya zamani iliyowahi kubeba wafanyakazi. Niling'oa viti, nikabakiza vinne vya mbele, nikaweka kitanda, kabati za mbao, sinki, tenki la maji la lita 100, jiko la gesi, na baadaye friji. Wazungu wanaokatiza Afrika kutoka Cairo hadi Cape Town huja na nyumba zao za magurudumu zilizotoka kiwandani zikiwa na michoro na vitabu vya maelekezo. Ya kwangu ilitengenezwa na seremala, fundi wa kuchomelea na mimi, na michoro yake iko kichwani mwa watu watatu wasiokumbuka sawasawa. Vitu vya nyumba vinaharibika, vitu vya gari vinaharibika. Ukiviweka pamoja ukavitikisa kwenye rafu rodi, hesabu yake ni ya kuzidisha.

Injini sina ugomvi nayo. Ni 1HZ, silinda sita, lita 4.2, dizeli, haina turbo, haina kompyuta ya kununa. Ugomvi wangu wote, karibu, umekuwa na nyaya.

Kesho yake tulipanda Kitonga polepole na kutulia Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, kwenye magereji ya barabara kuu. Nikaelekezwa kwa fundi umeme mmoja, mzee wa miaka sabini hivi, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Zima gari."

Hakuuliza historia. Alitoa kipimo, multimita yenye kioo kilichopasuka na kufungwa kwa selotepu, akapima betri moja moja. Ya kushoto: volti 12.9. Ya kulia: 11.9. Akaniambia niwashe, nikae kwenye mwendo wa kawaida wa injini. Akapima zote kwa pamoja: 28.2. "Alteneta yako nzima," akasema, na hapo nikakumbuka ile hela ya brashi na regyuleta. Kisha akapima tena moja moja. Kushoto 15.1. Kulia 13.1. Akanisomea namba hizo mara mbili, kama mwalimu anayesubiri mtoto ajumlishe.

Kisha akauliza swali moja tu: "Redio na taa za ndani umezifunga wapi?"

Hapo kila kitu kikaeleweka. Coaster nyingi zilizotoka Japan zinatumia umeme wa volti 24: betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, chanya ya moja ikiingia kwenye hasi ya nyingine. Lakini redio, pampu ndogo ya maji, taa za LED na chaja za simu za madukani ni za volti 12. Fundi aliyenifungia vyombo vya ndani alikuwa amevuta waya kutoka betri moja tu, ya kulia, na nakumbuka maneno yake: "Bosi, hapa una kumi na mbili ya bure." Nilimpa na soda juu.

Mzee alinifafanulia kwa ng'ombe, na hadi leo sijapata maelezo bora zaidi. Una maksai wawili kwenye nira moja. Usiku mmoja anakamuliwa nguvu, mwingine amelala. Asubuhi unawapa chakula kwenye hori moja kwa kipimo kimoja, kila mmoja apate sawa. Aliyechoka hakimtoshi, aliyelala kinamzidi. Siku ya pili vilevile. Baada ya miezi mmoja amekonda, mwingine amevimbiwa. "Na alteneta haina macho," akasema. "Inaona 28 tu. Haijui ndani ya hiyo 28 nani amekula 15."

Betri ya kawaida ya maji na asidi ikikaa juu ya volti 14.4 hivi kwa muda mrefu, inaanza kuyavunja maji yake yenyewe kuwa gesi. Ndiyo ule utokotaji. Harufu ya yai viza nayo inatoka kwenye asidi iliyozidiwa chaji na joto. Ya kulia nayo, kwa kutowahi kujaa, inaganda ndani taratibu, risasi inashika ugumu usioyeyuka tena. Kwa hiyo zote mbili zinakufa, ila ya kushoto inakufa kwa kelele. Na mimi kwa miaka miwili nilikuwa namtibu anayepiga kelele, wakati mwizi amekaa kimya ubavuni mwake. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini na nguo nilishona mwenyewe.

Dawa ilikuwa kuondoa ule waya na kufunga konveta ya kushusha 24 kuwa 12, ambayo inakula kutoka betri zote mbili kwa pamoja, sawasawa. Mzee hakukubali kunifungia jozi mpya moja kwa moja. Alizichaji kila moja peke yake usiku kucha mpaka zikajaa, ndipo akaziunganisha, kwa maelezo kwamba ukizifunga zikiwa na viwango tofauti umeanza ndoa na ugomvi. Asubuhi 12.7 na 12.7. Alinitoza hela isiyofika nusu ya bei ya betri moja.

Niliporudi Dar, nilikwenda Kariakoo nikanunua multimita yangu. Ni kidude cha manjano, bei yake haifiki ya galoni moja ya oili. Nikaanza kupima kila kitu kama mtoto aliyepewa rula, na kati ya yote niliyojifunza, hili moja limenisaidia kuliko mengine: kupima waya wakati umeme haupiti ni sawa na kupima bomba huku koki imefungwa. Presha utaiona yote, hata kama ndani bomba limeziba na kubakiza tundu la sindano. Waya uliobakiza uzi mmoja ambao haujakatika utakuonyesha volti 24 kamili kwenye kipimo. Uuombe ampea mia za kuzungusha stata, ile mota ya kuwashia injini, ndipo utaujua.

Matema ndiko nilikolithibitisha. Ufukwe wa Ziwa Nyasa, asubuhi tulivu, nimeshafunga virago. Nikapiga stata: ka! Kimya. Tena: ka! Taa za dashibodi zikafifia, zikarudi. Gari likigoma mbele za watu, ushauri ni wa bure. Mmoja akasema brashi za stata zimeisha, mwingine akasema solenoidi, kijana mmoja alikuwa tayari yuko chini ya gari na spana akitaka kuishusha stata yenyewe. Nikamwomba asubiri dakika mbili.

Nilipima betri: 25.3, zimejaa. Kisha nikaweka waya mweusi wa kipimo kwenye kichwa cha hasi cha betri, na mwekundu kwenye chuma kitupu cha injini, mahali nilipokuna rangi kwa ncha ya bisibisi. Nikamwambia mama watoto apige stata. Kati ya sehemu hizo mbili hakupaswi kuwa na tofauti, kwa kuwa hasi ya betri na mwili wa injini vinatakiwa kuwa kitu kimoja. Nusu volti ningeanza kukunja uso. Kipimo kiliandika 2.3 na stata haikuzunguka hata.

Athi. Umeme wa kwenda ulikuwa unafika. Njia ya kurudi ndiyo iliyoziba. Nikachukua waya mnene wa kubusti, upande mmoja kwenye hasi ya betri, upande mwingine kwenye injini. Stata ikazunguka, injini ikawaka kabla hujasema bismillahi. Yule kijana wa spana akaniangalia kana kwamba nimefanya kiini macho.

Chanzo nilikipata chini: mkanda wa waya unaounganisha injini na chesisi ulikuwa umefungwa juu ya rangi mpya. Gari lilikuwa limepakwa rangi miezi minane nyuma, na aliyerudisha bolti hakukwangua. Kwa miezi hiyo umeme ulipita kwenye nyuzi za bolti tu, mpaka kutu ikazifikia. Msasa, brashi ya waya, washa mpya ya bolti, kaza, halafu grisi juu yake baada ya kukaza, maana grisi kazi yake hapo ni kuzuia maji. Dakika ishirini. Stata ile haijaguswa mpaka leo.

Friji lilinifanyia hivyohivyo kwa sura nyingine. Ni friji dogo la kompresa, nimelipa betri yake ya 12 inayochajiwa na paneli za sola za darini. Mchana linafanya kazi vizuri, ikifika saa nane usiku linazima, na kataa kadogo nyuma yake kanapepesa mara moja, kanatulia, kanapepesa tena mara moja. Kwenye kitabu chake maana yake ni betri imeshuka mno. Nikapima betri saa nane hiyohiyo: 12.2, nusu hivi, haina tatizo lolote. Nikakaa sakafuni na boksa na tochi mdomoni, nikapima tena, safari hii pale waya unapoingia kwenye friji lenyewe, wakati kompresa inajaribu kuanza. 10.3. Friji za aina hii nyingi hukata zikiona 10.4.

Volti zilikuwa zinapotea njiani. Nilikuwa nimevuta waya wa 1.5, ule wa kufungia taa za nyumba, mita sita kutoka betri hadi friji. Mita sita kwenda na sita kurudi ni 12, na shaba ya unene huo kwa urefu huo ina ukinzani wa karibu omu 0.14. Ampea 6 zikipita umepoteza volti 0.84, na wakati kompresa inashtuka inavuta zaidi ya hapo. Kwenye nyumba ya TANESCO yenye volti 230 hasara hiyo hata huijui. Kwenye mfumo wa 12 ni friji kuzima na nyama kuoza. Nikaweka waya wa 6, hasara ikashuka hadi robo, fyuzi mwanzoni kabisa karibu na betri, na mchezo ukaisha. Hapa na mimi nakiri: waya ule wa 1.5 niliuchagua mwenyewe, kwa sababu ulikuwa umebaki kwenye ujenzi.

Nisije nikaonekana mtu wa nyaya tu. Kitonga, safari ya kwanza kabisa, kabla ya habari zote hizi, gari lilichemsha. Unatoka bonde la mibuyu lenye joto la tanuri, unaanza kona za mlimani nyuma ya lori linalotambaa, upepo haupo, na sindano ya joto inapanda. Nilishuka namba mbili, nikazima AC, nikafungua hita ya ndani hadi mwisho, watoto wakapiga kelele, tukafika juu tukiwa tumelowa kama tumetoka kuoga. Hita ni rejeta ndogo ya pili, inasaidia kweli.

Juu kule kuna mahali pamoja ambapo hutakiwi kutia kidole: mfuniko wa rejeta. Usiufungue. Wangu umeandikwa 0.9, na kwa presha hiyo maji yanakaa bila kuchemka mpaka kwenye nyuzi 118 hivi. Ukiufungua, presha inaondoka na maji yaliyokuwa yametulia yanachemka kwa mara moja na kurukia usoni kwako. Tulisubiri dakika arobaini tukila mahindi ya kuchoma.

Gereji niliyoipeleka baadaye ilifanya kile ambacho Bongo hufanywa kwa kila gari linalochemsha: walitoa thamostati, kile kivalvu kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, wakaitupa. "Hii ni ya nchi za baridi, mzee." Siku mbili nilifurahi, sindano ilikuwa chini kabisa. Tatizo ni kwamba injini ya dizeli inayokimbia ikiwa baridi inakula mafuta, inatoa moshi na kuchakaa, na kwenye injini nyingi kidude hicho kikifunguka huziba pia njia ya mkato ambayo maji hupita bila kwenda kwenye rejeta. Ukikitoa, njia ya mkato inabaki wazi. Siku ya mlima, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupoa, na gari ulilolitibu kuchemsha linachemsha tena. Nilinunua mpya, imeandikwa 82, nyuzi za joto inazoanza kufungukia.

Mkosaji halisi alikuwa feni. Ya Coaster haikufungwa moja kwa moja. Katikati yake kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, ambayo joto likipanda inashika na kuizungusha kwa nguvu. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, isukume feni kwa mkono. Ikikataa kidogo, inakwenda robo na kusimama, ni nzima. Yangu ilizunguka kama pia ya mtoto. Nimepita Kitonga mara tano baada ya kuibadilisha na sindano haijavuka katikati.

Mengine nitayapitia haraka. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kukusubiri, kwa hiyo kabati la mtungi lina tundu chini, siyo juu, na maungio yote napima kwa povu la sabuni kila ninapobadilisha mtungi. Tairi siziamini kwa meno. Naangalia zile namba nne za ubavuni. 1714 ni wiki ya 17 ya mwaka 2014, na tairi la namna hiyo hata likiwa na meno kama jipya, kwenye lami ya Mikumi saa saba mchana sitaki kulijua. Mizani ya Mikese, ambayo madereva wengi wanaiombea ifungwe, mimi naipenda: bila malipo inaniambia ekseli ipi imeelemewa. Ndiyo iliyonifanya nihamishe tenki la maji kutoka nyuma kabisa hadi katikati. Na ukinunua gari lenye injini hii, usiiamini ile taa ya T-BELT, ya mkanda wa taimingi, kwa kuwa haijawaka. Imepangwa iwake kila kilomita 100,000, lakini kilomita zinarudishwa nyuma na taa inazimwa na yeyote anayejua. Badilisha mkanda na beringi yake ya kukazia siku unayokabidhiwa funguo. Ukikatika njiani, valvu na pistoni zitakutana, na hapo huna gari, una banda.

Siku hizi nina daftari kwenye dashibodi. Kila Jumamosi asubuhi, kabla sola haijaanza kuchaji, naandika: kushoto, kulia, ya friji. Jumamosi iliyopita ilikuwa 12.7, 12.7, 12.5. Nilimtumia mzee wa Ipogolo picha ya ukurasa kwa WhatsApp. Akajibu kwa kidole gumba na swali: "Athi ya tenki la dizeli umeangalia?" Sijaangalia. Geji ya mafuta kweli huwa inacheza, sikuwahi kumwambia.

Na pampu ya maji inagutuka usiku. Mara moja tu, kama saa tisa, tk-tk, kisha kimya mpaka asubuhi. Maana yake presha inashuka mahali, tone kwa tone, na koki zote nimezifunga, na chini ya sinki nimetandika gazeti kavu linaloamka kavu. Wiki hii natandika nyuma ya kitanda.